Jinsi ya kuhama programu ya barua pepe bila kupoteza kumbukumbu zako

Kwa watu wengi humu nchini, barua pepe ni kitu kinachofunguliwa kwenye simu ya rununu, kikasomwa, kikasahaulika. Lakini wapo wengine, nao si haba, ambao kwao barua pepe ni kabati la ofisi. Hawa ni mawakili, wahasibu, makarani wa vyama vya ushirika, makatibu wa shule, wafanyabiashara wanaoagiza vipuri kutoka Dubai na mashirika madogo yanayoandikiana na wafadhili. Husoma barua zao kwa programu iliyowekwa ndani ya tarakilishi yenyewe, na ndani ya programu hiyo mna mikataba, ankara, stakabadhi na mabishano ya miaka kumi au kumi na mitano.

Kundi hili limejikuta njia panda. Mnamo Desemba 31, 2024, kampuni ya Microsoft ilikomesha programu ya Mail iliyokuwa ikija pamoja na Windows. Mnamo Oktoba 14, 2025, ikaacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, na siku iyo hiyo Office 2016 na Office 2019, ambazo ndani yake mlikuwa na Outlook iliyozoeleka katika ofisi nyingi, zikafikia kikomo cha kupokea masasisho ya usalama. Outlook hizo za zamani bado hufunguka ukizibonyeza. Tatizo ni kwamba ufa ukionekana humo hakuna tena wa kuuziba, na barua pepe ndiyo mlango ambao wezi wa mtandaoni hupenda zaidi kuubisha.

Wengine wameamua kulipia huduma ya Microsoft 365. Wengine wamechukua Outlook mpya inayotolewa bure. Wengine wamegeukia Thunderbird, programu isiyolipiwa ambayo inatoka katika ukoo mmoja na kivinjari cha Firefox. Makala haya yanafuata safari ya kutoka Outlook ya zamani hadi Thunderbird, kwa kuwa ndiyo inayowatatiza wengi, lakini mengi yatakayoelezwa yanamfaa hata yule anayeelekea kwingine.

Jambo la kwanza kulijua, na ambalo mafundi wengi hawajishughulishi kulieleza, ni mahali barua zako zinapokaa. Tuchukulie mfano wa sanduku la posta. Mtu anaweza kumtuma tarishi aende na ufunguo, alifungue sanduku, azichukue barua zote na kuzileta ofisini, sanduku likabaki tupu. Anaweza pia kwenda mwenyewe, akazisoma barua palepale, akazirudisha ndani na kufunga. Katika hali ya kwanza, nyumba ya ofisi ikiungua barua zimekwenda. Katika hali ya pili, barua ziko posta, na ofisi ikiungua utapata hasara ya meza na viti tu.

Hivyo ndivyo zilivyo itifaki mbili za kupokelea barua pepe. POP, ambayo maelezo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka wa 1984, ni tarishi. Huzileta barua kwenye tarakilishi yako na, isipoelekezwa vinginevyo, huziondoa kwenye seva. IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka wa 1986, huziacha barua kwenye seva na kukuonyesha zilivyo, hata ukizifungua kwa simu, kwa tarakilishi ya ofisini au kwa ile ya nyumbani.

Kwa nini Wakenya wengi wenye kumbukumbu za kale wako upande wa POP? Sababu ni historia, wala si uzembe. Kabla ya mwaka wa 2009, mawasiliano yetu ya mtandao yalipitia setilaiti, nayo yalikuwa ghali na ya kobe. Mwenye ofisi alipiga simu kupitia modemu, akasikia ile milio na mikwaruzo, akazivuta barua zake haraka, kisha akakata simu ili dakika zisimle. Barua zilisomwa baadaye, laini ikiwa imekatwa. Programu kama Eudora, Pegasus Mail na Outlook Express zilipata wapenzi kwa sababu ziliweza kufanya hivyo hasa. Nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa katikati ya mwaka wa 2009, hali ilibadilika, lakini mipangilio ya ndani ya tarakilishi za watu haikubadilika. Fundi aliyeweka akaunti mwaka wa 2004 aliiweka kwa POP, na kila tarakilishi mpya iliponunuliwa mipangilio ile ile ikanakiliwa.

Basi kabla hujagusa chochote, fungua mipangilio ya akaunti katika programu yako ya zamani na utazame kama imeandikwa POP au IMAP. Ikiwa ni IMAP, kazi kubwa imekwisha. Utaiweka Thunderbird, utaandika anwani na nywila yako, na barua zitajitokeza zenyewe kutoka kwenye seva baada ya muda. Ikiwa ni POP, barua zako huenda haziko kwingineko kokote duniani ila katika faili moja ndani ya tarakilishi hiyo moja. Kwa aliyetumia Outlook, faili hiyo huishia kwa herufi PST, na mara nyingi hukaa katika folda ya nyaraka, ndani ya folda ndogo ya faili za Outlook.

Faili ya PST ni sanduku la chuma. Ndani yake mmo kila kitu, yaani barua, viambatisho, anwani na kalenda, lakini ufunguo wake halisi ni Outlook. Zile zilizoundwa kabla ya Outlook 2003 zilikuwa na kasoro nyingine: hazikuweza kuzidi ukubwa wa gigabaiti 2, na zilipoukaribia mpaka huo zilianza kuharibika. Mwenye kumbukumbu za enzi hiyo azitazame kwa uangalifu zaidi. Ipo pia faili iitwayo OST, ambayo wengi huichanganya na PST. Hiyo ni kivuli tu cha barua zilizo kwenye seva. Kuinakili kwenye diski ukidhani umeweka akiba ni kupiga picha ya gunia la mahindi ukadhani umejaza ghala.

Thunderbird, kwa upande wake, hutumia mtindo wa zamani sana uitwao mbox, uliorithiwa kutoka katika mifumo ya Unix. Kila folda ni faili moja ya maandishi ya kawaida, na barua zimepangwa ndani yake moja baada ya nyingine. Unaweza kuifungua faili hiyo kwa programu yoyote ya kuandikia maandishi na kuyaona maneno ya barua, ijapokuwa viambatisho vitaonekana kama mistari mirefu ya herufi zisizo na maana. Kwa maoni yangu, hii ndiyo sababu nzito zaidi ya kuhama. Programu huja na kupita. Eudora ilipendwa mno, ikakoma kutengenezwa mwaka wa 2006. Outlook Express ilizikwa pamoja na Windows XP. Windows Live Mail ikafuata mwezi wa Januari 2017. Thunderbird yenyewe, iliyotoka kwa mara ya kwanza Desemba 2004, iliponea chupuchupu pale Mozilla ilipotangaza mwaka wa 2012 kwamba haitaitilia tena nguvu nyingi. Ilifufuliwa na michango ya watumiaji wake, na tangu mwaka wa 2020 inaendeshwa na kampuni tanzu ya Wakfu wa Mozilla iitwayo MZLA. Hakuna ajuaye itakuwa wapi baada ya miaka ishirini. Lakini faili ya maandishi itasomeka.

Sasa tuingie kazini. Hatua ya awali ni nakala ya akiba. Ifunge Outlook kabisa, kwa maana faili iliyofunguliwa hainakiliki vyema, kisha inakili PST kwenye diski ya nje. Usiihamishe, inakili. Ukimaliza, linganisha ukubwa wa faili hizo mbili. Kisha rudi kwenye Outlook, uandike kwenye karatasi idadi ya barua katika kila folda kubwa: zilizopokelewa, zilizotumwa, na zile folda za wateja au miradi. Karatasi hiyo itakuwa na thamani kuliko programu yoyote ya kukagua, kwani bila hiyo hutajua kama barua 11,400 zimekuwa 11,050 njiani.

Njia ya moja kwa moja ni kuiweka Thunderbird kwenye tarakilishi ile ile iliyo na Outlook ya zamani, kisha kutumia zana yake ya kuingiza barua kutoka programu nyingine. Hapa ndipo watu wengi hukwama. Thunderbird haiivunji PST yenyewe. Huiomba Outlook iifungue na kuikabidhi barua moja moja. Kwa hiyo Outlook ya zamani lazima iwepo, iwe inafunguka, na iwe imewekwa kuwa programu ya kawaida ya barua pepe katika Windows. Aliyekwisha kuiondoa Outlook akabaki na faili ya PST mkononi hataweza kwenda mbali kwa njia hii. Outlook mpya ya bure nayo haisaidii, kwani haikujengwa kuzungumza na programu nyingine kwa namna hiyo. Basi mtu asiifute ya zamani kwa shauku ya kupata nafasi kwenye diski.

Njia ya pili ni ya mzunguko lakini mimi naiamini zaidi, hasa pale unapobadilisha tarakilishi pia. Ndani ya Outlook ya zamani, ongeza akaunti moja ya IMAP, iwe ya Gmail au ya mtoa huduma wako mwenyewe. Kisha ziburute folda za kale kwa kipanya kutoka kwenye PST hadi kwenye akaunti hiyo. Barua zitapanda hadi kwenye seva. Ukiifungua Thunderbird kwenye tarakilishi mpya na kuiunganisha na akaunti ile ile, zitashuka. Hakuna programu ya kubadilisha mitindo inayohitajika, kwani seva ndiyo daraja.

Daraja hilo lina ushuru wake. Gmail ya bure hutoa gigabaiti 15, na nafasi hiyo unagawana na picha zako na faili zako za Google Drive. Aliye na PST ya gigabaiti 20 hatatosha humo. Isitoshe, anayetumia data za simu atalipa mara mbili, kwenda na kurudi. Hamisha folda moja moja, usiku ikiwezekana, na usijaribu kuburuta barua elfu thelathini kwa mkupuo mmoja. Outlook itaonekana kama imeganda, utaifunga kwa hasira, nawe hutajua zilizopanda ni zipi na zilizobaki ni zipi. Tena, buruta kwa kunakili, si kwa kuhamisha.

Barua zikishafika, kuna jambo la tarehe. Baadhi ya seva huandika tarehe ya kupokea kuwa ile siku uliyozipakia, hivi kwamba barua ya Machi 2011 inaonekana kana kwamba imeingia jana. Usifadhaike. Tarehe ya kutumwa imo ndani ya kichwa cha barua yenyewe na haijaguswa. Iambie Thunderbird ipange kwa tarehe ya kuandikwa, si ya kupokelewa, nayo orodha itakaa sawa.

Suala hili la tarehe si la urembo. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinaruhusu rekodi za kielektroniki kutolewa mahakamani, lakini kinadai cheti kinachoeleza jinsi rekodi hiyo ilivyotolewa na kifaa kilichotumiwa. Wakili wa upande wa pili atauliza maswali. Mwenye barua ambayo kichwa chake chote kiko salama, na aliye na PST ya awali isiyoguswa, atajibu kwa utulivu kuliko yule aliyechapisha maneno kwenye karatasi na kuifuta barua. Vivyo hivyo, Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka wa 2015 inamtaka mlipaji ushuru kuhifadhi nyaraka zake kwa miaka mitano. Ankara nyingi siku hizi hazikuwahi kuwa karatasi, zilizaliwa zikiwa viambatisho. Mfanyabiashara akizipoteza katika kuhama, hatakuwa na la kumwonyesha mkaguzi.

Anwani za watu ni safari nyingine kabisa, na kwa hakika ndizo zinazoharibika zaidi. Outlook huzitoa anwani katika faili ya CSV, ambayo ni jedwali la maandishi lililotenganishwa kwa vituo vya mkato. Thunderbird huipokea faili hiyo, ikakuuliza safu ipi ni jina, ipi ni simu, ipi ni barua pepe. Hadi hapo hakuna shida. Shida huja pale mtu anapoifungua CSV kwanza katika Excel ili aisafishe. Excel huona nambari ya simu ikadhani ni hesabu. Sufuri ya mwanzo ya 07 inatoweka, na ile alama ya kujumlisha ya +254 inaliwa. Nambari ndefu hugeuzwa kuwa desimali yenye herufi E katikati, na ukihifadhi faili ikiwa katika hali hiyo, tarakimu za mwisho hazirudi tena. Ukitaka kuisafisha, ifungue kwa programu ya maandishi ya kawaida, au iambie Excel mapema kwamba safu hiyo ni ya maandishi.

Majina nayo yana mtihani wake. Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za kawaida tu, hakina taabu. Lakini Gĩkũyũ na Kĩkamba zina herufi ĩ na ũ, na faili ya anwani isipohifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8, herufi hizo hugeuka alama za kuuliza au takataka nyingine. Nimewahi kuona orodha ya wanachama ambamo kila jina la ukoo lilikuwa na alama ya kuuliza katikati, kana kwamba karani alikuwa akiwashuku wote. Chagua UTF-8 wakati wa kutoa na wakati wa kuingiza, kisha tafuta jina moja lenye alama hizo ulikague kwa macho.

Kuna kundi la anwani ambazo watu hudhani wanazo kumbe hawana. Ukianza kuandika jina katika Outlook, programu hukukamilishia anwani. Orodha hiyo ya makisio si kitabu cha anwani, ni kumbukumbu ya watu uliowahi kuwaandikia, nayo haitoki pamoja na CSV. Mtu aliyemwandikia mteja wake kwa miaka minane bila kumsajili atafika Thunderbird na kukuta hamjui. Dawa yake ni rahisi: pitia folda ya barua zilizotumwa, uwasajili watu muhimu kabla ya kuondoka.

Sheria za kupanga barua, zile zinazosema kila barua kutoka benki iende folda fulani, hazihami. Zitaandikwa upya. Sahihi ya mwisho wa barua nayo inakiliwe kwa mkono. Kalenda inaweza kutolewa katika mtindo wa ICS na kuingizwa Thunderbird, lakini mikutano inayojirudia kila juma ichunguzwe moja moja. Kwa ofisi kubwa ambamo kalenda ya mkurugenzi hushirikiwa na watu kumi kupitia seva ya Exchange, ushauri wangu ni kutohama kabla ya kuzungumza na msimamizi wa mitambo. Thunderbird ni farasi mzuri wa mtu mmoja na wa ofisi ndogo. Kuilazimisha ivute mkokoteni wa wizara nzima si haki kwake wala kwa wizara.

Nywila ni kizingiti cha wengi. Zamani uliandika anwani na nywila, ukaingia. Google ilianza kufunga mlango huo kwa akaunti za watu binafsi mwaka wa 2022, na Microsoft ikafanya hivyo kwa akaunti za Outlook na Hotmail mnamo Septemba 2024. Sasa programu hufungua ukurasa wa mwenye huduma, unajitambulisha huko, na programu hupewa kibali badala ya nywila yenyewe. Thunderbird za miaka ya karibuni hulielewa jambo hili. Programu za kale hazilielewi, na hapo ndipo mtu huandika nywila sahihi mara kumi akiambiwa mara kumi kwamba amekosea. Njia ya kutokea ni kuwasha uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti ya Google na kuomba nywila maalumu ya programu moja. Kwa barua za ofisi zenye anwani ya .co.ke, muulize mtoa huduma jina la seva na milango yake. Mlango wa IMAP yenye ulinzi ni 993, wa POP yenye ulinzi ni 995, na wa kutumia barua ni 465 au 587. Ukipewa 110 au 25, uliza tena.

Tahadhari nyingine inahusu tovuti zinazojitangaza kuwa zitaigeuza PST yako kuwa mbox ndani ya dakika tano ukizipakia faili hiyo. Fikiria kilichomo. Mna nakala za vitambulisho, mishahara ya wafanyakazi, barua za madaktari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inamfanya mwenye data za watu kuwajibika kwazo, na haitakuwa utetezi kumwambia Kamishna wa Data kwamba ulizikabidhi tovuti usiyoijua kwa sababu ilikuwa bure.

Swali hilo hilo linaihusu Outlook mpya. Ukiiongezea akaunti ya Gmail au ya mtoa huduma mwingine, huziakibisha barua hizo kwenye seva za Microsoft badala ya kuzishusha tu kwenye tarakilishi yako, na huomba ridhaa yako kwa dirisha ambalo wengi hulibonyeza bila kusoma. Huko Ujerumani jambo hili lilizua mjadala mkubwa mwezi wa Novemba 2023, na Ulrich Kelber, aliyekuwa kamishna wa shirikisho wa ulinzi wa data, alieleza wasiwasi wake hadharani. Microsoft husema nakala hizo ndizo zinazowezesha utafutaji wa haraka na huduma nyinginezo. Huenda mtumiaji akaridhika na jibu hilo. Wakili mwenye siri za wateja, nionavyo, anapaswa kulisoma lile dirisha hadi mwisho.

Ukishahama, usiziache programu mbili zivute barua za POP kwa wakati mmoja. Moja itapata barua za asubuhi, nyingine za mchana, na mwezi ukiisha hakuna iliyo na habari kamili. Zima upokeaji wa Outkook ya zamani siku ile ile Thunderbird inapoanza, au uiagize Thunderbird iziache barua kwenye seva hadi utakapojiridhisha. Kisha ichukue ile karatasi ya idadi. Linganisha folda kwa folda. Tafuta barua ya kale kuliko zote uifungue. Fungua kiambatisho kimoja cha kila mwaka. Tazama barua zilizotumwa, kwani huwa na tabia ya kuangukia folda mbili zenye majina yanayofanana, moja ya Outlook na moja ya Thunderbird, na mtu akadhani nusu imepotea.

Thunderbird ina tabia moja inayowashangaza wageni. Ukifuta barua, haiondoki mara moja kwenye faili ya mbox. Huwekewa alama tu, na nafasi yake hurudi pale programu inapoibana folda. Ndiyo maana mtu hufuta barua elfu tano na diski isipungue hata kidogo. Ubanaji huo huiandika faili nzima upya, kwa hiyo usiuanzishe wakati umeme unayumba na tarakilishi haina betri.

Kila kitu cha Thunderbird, yaani barua, anwani, sheria na mipangilio, hukaa katika folda moja iitwayo wasifu. Ukiifunga programu na kuinakili folda hiyo nzima kwenye diski ya nje kila Ijumaa, umemaliza kazi ya akiba. Tarakilishi ikiibwa Jumatatu, utaiweka Thunderbird kwenye nyingine, uirudishe folda mahali pake, nawe utaendelea ulipoachia Ijumaa. Diski hiyo isikae katika mkoba mmoja na tarakilishi, na iwe imefungwa kwa nywila.

Ile PST ya awali nayo, hata baada ya mwezi mzima wa kuridhika, usiifute. Weka nakala mbili katika diski mbili, uandike juu yake kwa kalamu mwaka wa kuanzia na wa kumalizia, na iwapo ofisi ina tarakilishi kuukuu yenye Outkook inayofunguka, ichomoe kwenye mtandao na uiweke kabatini pamoja na diski hizo.